Umepigwa na polisi wakati wa kukamatwa kwa ugomvi wa nyumbani? Fanya hivi, hatua kwa hatua (Kenya)

Kila Jumatatu maswali ni yale yale. Mtu amekamatwa Ijumaa usiku kwa ugomvi na mkewe, majirani wamepiga simu, polisi wamekuja, na kabla hajaingizwa garini amepigwa rungu na mateke watoto wake wakiona. Jumatatu anasimama kizimbani jicho limefumba, anasomewa shtaka la kumdhuru mkewe na la pili la kumshambulia askari, na mamake huko nje ananishika mkono ananiuliza, "Mwanangu, si kesi itatupwa kwa vile walimpiga?"

La mama, haitatupwa kwa sababu hiyo peke yake. Lakini kile kipigo kina uzito mkubwa mahakamani ukijua pa kukiweka na ukiwa na karatasi za kukionyesha. Mimi hukaa kwenye dawati la msaada wa kisheria hapa Mombasa, si wakili, na haya nimeyaeleza kwa mdomo mara nyingi mno mpaka nimeona bora niyaandike. Ni sheria za Kenya tu, ukiwa Tanzania au Uganda vifungu ni vingine.

Na tuelewane kabla hatujaanza. Kama kweli ulimpiga mkeo au mumeo, haya hayakusafishi na sitaki yakusafishe. Aliyeita polisi hakukosea, sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu na dhuluma za nyumbani inawataka polisi wamsaidie. Ila aliita msaada, hakuita kipigo. Wanawake wamekaa mbele yangu wakaniambia "nilitaka wamtoe, sikutaka wamvunje", na wengine walipigwa wao wenyewe walipojaribu kuingilia kati. Kwa hivyo shika hili: yaliyotokea ndani ya nyumba ni jambo moja, yaliyofanywa na askari ni jambo la pili, kila moja lina mlalamishi wake na ushahidi wake. Ukiyachanganya utayapoteza yote mawili.

Vitu vya kuwa navyo

- Nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) ya kukamatwa kwako, na ile ya simu iliyoita polisi kama unaweza kuipata
- Karatasi za hospitali, hata kile kikaratasi kidogo cha dawa
- Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha (ni bure, haiuzwi)
- Nguo ulizokuwa umevaa, BILA kufuliwa
- Picha na vidio zikiwa bado kwenye simu iliyozipiga
- Majina na simu za walioona, hata kama ni wawili tu
- Nakala ya chaji shiti (karatasi ya mashtaka)
- Daftari na kalamu
- Wakili, na kama huna pesa soma huko chini

Kwenye nguo nisikilize vizuri. Mama mmoja aliniletea shati la mwanawe limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri kwenye mfuko wa karatasi, hata kola iliyochanika ameishona kwa mkono. Hakutaka mwanawe aende mbele ya hakimu na nguo chafu. Niliposema tulihitaji ile damu alilishika lile shati akakaa kimya muda mrefu, na mimi pia sikuwa na la kumwambia. Nguo iweke kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki maana inaota ukungu, andika tarehe juu, basi, usiiguse tena.

Hatua ya 1: Wakati unakamatwa

Sema kwa sauti, majirani wasikie: "Sikatai kukamatwa." Onyesha mikono iko wazi. Najua ni vigumu, umetoka kugombana, moyo unakwenda mbio, watoto wanalia, lakini hayo maneno mawili yana kazi kubwa baadaye. Kifungu cha 21 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinasema askari anaweza kutumia nguvu pale mtu anapokataa kukamatwa kwa nguvu au anapotaka kutoroka, na hata hapo haruhusiwi kuzidisha kuliko hali inavyotaka. Ukijitoa kwa neno na kwa tendo, ile sababu ya kutumia nguvu inamtoka mkononi.

Kama umeshika kitu chochote, kisu cha jikoni, chupa, mwiko, kiache chini. Mahakama huangalia uzito wa kosa na hali ilivyokuwa, na askari aliyemkuta mtu na panga mkononi atasikilizwa tofauti na aliyemkuta mtu ameketi kwenye kochi. Tusidanganyane hapo.

Anayerekodi kwa simu asimame mbali, asimzuie askari njia, asimtukane. Angalia jina au nambari ya huduma kifuani, askari mwenye sare anatakiwa na sheria kuivaa mahali panapoonekana. Ikiwa hakuna, shika nambari ya gari, saa, na jina la kituo.

Hatua ya 2: Kituoni

Hapa una mambo manne tu ya kusema: jina lako, kwamba umeumia na umeumia wapi, kwamba unaomba kupelekwa hospitali, na kwamba unataka kumpigia mtu wako na wakili. Ya nyumbani yaache. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, na pia haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa ni kwa nini umekamatwa.

Jedwali la Sita la sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema nguvu ikileta majeraha, askari waliokuwepo wanatakiwa kutoa msaada wa matibabu papo hapo na kuwajulisha jamaa zako, na kutofanya hivyo bila sababu nzuri ni kosa la jinai. Kwa hivyo unapoomba hospitali hujaomba hisani. Omba tena kwa askari wa zamu inayofuata, na ukumbuke saa uliyoomba kila mara.

Usitie sahihi maandishi ambayo hujayasoma. Na kama "ulikiri" chini ya rungu, jua kwamba kwa kifungu cha 25A cha sheria ya ushahidi, kukiri kunakokubalika ni mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta na kwenda juu ambaye si yeye anayepeleleza kesi yako, na uwe na mtu uliyemchagua mwenyewe. Maneno uliyomwambia konstebo kwenye korido saa saba usiku si ushahidi wa kukiri.

Zile saa 24 ambazo polisi wanatakiwa wawe wamekufikisha mahakamani zina mwanya: zikiisha wakati mahakama imefungwa, unapelekwa siku ya kazi inayofuata. Ndo maana waliokamatwa Ijumaa usiku huwa tunawaona Jumatatu, na kufikia hapo uvimbe umeshaanza kushuka. Kwa hivyo jamaa zako wasingoje Jumatatu, waje na chakula waone majeraha kwa macho yao, waandike waliyoyaona na saa.

Hatua ya 3: Hospitali, siku ile ile ukitoka

Nenda hospitali ya serikali hata kama unaona "ni mchubuko tu". Mwambie daktari ulipigwa na nani, kwa kitu gani, wapi mwilini, saa ngapi. Usiseme ulianguka. Watu wengi huona haya au wanaogopa wakasema walianguka kwenye ngazi, alafu miezi minane baadaye kiongozi wa mashtaka anaisoma ile kadi mbele ya hakimu: "mgonjwa anasema alianguka." Utaijibu vipi?

Mwambie akague pia vifundo vya mikono. Alama ya pingu zilizokazwa huwa ni mstari mwembamba unaozunguka mkono, na wakati mwingine ganzi kwenye kidole gumba. Nyayo za miguu pia zikaguliwe, na nyuma ya masikio, maana hayo ni mahali watu husahau.

P3 hutolewa na polisi, daktari ndo anajaza sehemu yake. Kadi ya matibabu ya siku ya kwanza ndiyo daktari wa P3 atakayoitegemea, kwa hivyo usiipoteze.

Hatua ya 4: Picha

Piga siku ya kwanza, ya tatu na ya tano, kwa sababu alama nyingine hutokea baadaye, haswa kwa ngozi yetu nyeusi ambayo siku ya kwanza haionyeshi mengi. Piga ya mbali inayoonyesha uso na jeraha pamoja, alafu ya karibu na sarafu ya shilingi 20 pembeni ili ukubwa uonekane. Mchana, karibu na dirisha, bila filta. Usitegemee ile uliyotuma kwa WhatsApp, inapunguzwa ubora na inapoteza taarifa za saa, weka ile ya asili. Aliyepiga ndiye atakayetia sahihi cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha sheria ya ushahidi, kwa hivyo asibadilishe simu na kuitupa ya zamani.

Kamera ya duka au ya geti la ploti iulizie siku hiyo hiyo. Nyingi hujifuta zenyewe.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza mbele ya hakimu

Hii ndiyo hatua watu wanaikosa kuliko zote. Unasomewa mashtaka, unaulizwa kweli au si kweli, dakika mbili imeisha, umerudishwa seli. Kabla hujakaa chini inua mkono useme: "Mheshimiwa, nina majeraha, nilipigwa na polisi wakati wa kukamatwa, naomba iandikwe kwenye rekodi na naomba amri nipelekwe hospitali." Kama una wakili ataisema yeye, kama huna sema mwenyewe kwa Kiswahili chako, hakuna atakayekufunga kwa hilo. Mwonyeshe. Hakimu akiandika "mahakama imeona mshtakiwa ana uvimbe jicho la kushoto", hiyo ni karatasi ambayo hakuna kituo kitakachoipoteza.

Usikubali shtaka kwa haraka eti upigwe faini urudi nyumbani. Ukikubali shtaka la kumshambulia askari umeshasema kwamba yeye alikuwa anafanya kazi yake sawasawa, na malalamiko yako yote yanabaki bila miguu. Omba pia nakala za maelezo ya mashahidi na ya OB, kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa haki ya kuujua ushahidi kabla ya kesi kusikizwa.

Hatua ya 6: Andika maelezo yako kabla hujasahau

Kaa na daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja andika KABLA YA PINGU, upande wa pili BAADA YA PINGU. Kila pigo unalokumbuka liweke upande wake. Hii naiamini kuliko kitu kingine chochote kwenye kesi hizi. Askari anaweza kueleza kofi la wakati wa purukushani mlangoni, na pengine hakimu atamwelewa. Lakini teke la mbavu kwa mtu ambaye mikono yake imefungwa nyuma, amelazwa sakafuni, atalielezaje?

Hatua ya 7: Hoja zenyewe

Hizi wakili wako anazijua, nakuandikia ili ujue kinachotafutwa na umpe ukweli unaofaa.

Ya kwanza, nguvu haikuhitajika au ilizidi. Jedwali la Sita linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo na nguvu, na akitumia nguvu ilingane na lengo, uzito wa kosa na upinzani wa mtu. Aliyetumia nguvu anatakiwa kuripoti kwa mkubwa wake aeleze hali ilivyokuwa, kwa hivyo wakili aiulizie hiyo ripoti. Mara nyingi kuiulizia tu kunabadilisha hewa ndani ya mahakama. Na kusema "niliamriwa" si utetezi, sheria yenyewe imesema.

Ya pili ni ya lile shtaka la kushambulia au kuzuia askari, kifungu cha 253 cha kanuni ya adhabu, ambalo kifungo chake kinafika miaka 5. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba askari alikuwa akitekeleza kazi yake inavyopasa. Kama ukamataji haukuwa halali au alikuwa anapiga mtu aliyekwisha kujitoa, hapo wakili ana pa kushika. Pamoja na hiyo kuna kujitetea, kifungu cha 17, mtu kukinga kichwa kwa mkono si shambulio hata kama kiwiko kilimgonga afande kidevuni.

Ya tatu, ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki zako. Kifungu cha 50(4) cha Katiba kinasema utengwe ikiwa kuukubali kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji wa haki. Ila elewa mipaka yake: kinaondoa kile kilichopatikana kwa kipigo, kwa mfano maneno ya kukiri. Hakimwondoi mkeo na P3 yake. Ushahidi wake ulikuwepo kabla askari hawajabisha hodi.

Ya nne, mateso. Uhuru wa kutoteswa na kutotendewa kikatili uko kwenye kifungu cha 25 cha Katiba, miongoni mwa haki zisizoweza kupunguzwa hata kidogo, na tangu 2017 kuna sheria kamili ya kuzuia mateso. Hii itumieni pale kipigo kilipoendelea kituoni, si kila kofi ni mateso na hakimu akiona mnatia chumvi atawatilia shaka hata kwenye yale ya kweli.

Sasa lile swali la mama. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa iliwahi kumwachilia mshtakiwa kwa sababu polisi walikaa naye muda mrefu kupita sheria, na hapo ndipo watu walipata ile imani kwamba haki ikivunjwa kesi imekufa. Kufikia 2010 mahakama hiyo hiyo ilikuwa imebadilisha njia: kuvunjwa kwa haki ya aina hiyo hakuleti kuachiliwa moja kwa moja, dawa yake ni fidia kwenye kesi ya pembeni. Kwa hivyo kipigo kinapigania mambo mengine: kuangusha shtaka la kushambulia askari, kutoa maneno ya kulazimishwa, kumtilia shaka shahidi wa polisi, kupunguza adhabu, na kukulipa.

Maswali ambayo nimeona yakifanya kazi kwenye kuhoji ni mafupi. Afande, mlikuwa wangapi? Yeye alikuwa na nini mkononi? Ulimwonya? Pingu alifungwa saa ngapi? Na jeraha la kichwani alilipata kabla au baada?

Hatua ya 8: Malalamiko dhidi ya askari

Peleka IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, ni bure, simu 1559, makao makuu Nairobi na wana ofisi Mombasa, Kisumu, Garissa na kwingine. Wapeleke nakala, karatasi asili baki nazo. Wao hupeleleza na kupendekeza kwa mkurugenzi wa mashtaka ya umma, hawakutetei kwenye kesi yako, kwa hivyo usiache kuhudhuria mahakama eti IPOA wanashughulikia. IMLU, shirika lisilo la serikali, husaidia watu walioteswa kupata uchunguzi wa daktari anayejua majeraha ya namna hii, na kwa asiye na pesa kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Kuhusu usalama siwezi kunyamaza. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake aliyekuwa amemlalamikia askari kwa IPOA, na dereva wao wa teksi walitekwa wakitoka mahakama ya Mavoko wakauawa. Hukumu ya waliohusika, polisi wakiwemo, ilikuja 2022. Siwaambii hivi muogope mkae kimya, nawaambia msiende peke yenu, mtu ajue mko wapi, na nakala za karatasi ziwe kwa watu wawili tofauti.

Hatua ya 9: Fidia

Kudai fidia kwa njia ya kawaida dhidi ya serikali kuna muda wa miezi 12 tu tangu siku ya tukio, wala usingoje kesi ya jinai iishe. Ombi la kikatiba Mahakama Kuu kwa kifungu cha 22 cha Katiba halina ukomo kama huo, lakini ukichelewa sana utaulizwa ulikuwa wapi.

Makosa yanayowamaliza watu

Kumtumia mkeo ujumbe "niondolee hiyo kesi". Masharti ya bondi mara nyingi yanakukataza kuwasiliana naye na utarudi ndani. Zaidi ya hapo, yeye ndiye pengine shahidi pekee aliyeona askari wakikupiga, ukimtisha umempoteza kote kote. Kama yuko tayari kusema alichokiona, wakili ndiye azungumze naye, tena kwa hiari yake mwenyewe. Na akiwa hayuko salama nyumbani, 1195 ni simu ya bure saa 24.

Kubadilishana: "ondoa malalamiko ya askari, tutakuachia na hili." Mwambie wakili kabla hujajibu.

Kutoa pesa kwa bondi ya polisi. Bondi ni bure, na ukilipa dhamana ya pesa taslimu lazima upewe risiti.

Kusambaza vidio mtandaoni kabla wakili hajaiona. Ukiweka sehemu ile tu ya askari anapiga, ukakata sekunde kumi za mwanzo ulipokuwa unarusha kiti, upande wa pili utazipata zile sekunde kumi.

Ikikwama

*Kituo kimekataa kunipa P3.* Tibiwa kwanza, kadi ya hospitali ni ushahidi. Alafu jaribu kituo kingine, waambie IPOA, au mwombe hakimu aamuru.

*Sijui jina la askari hata mmoja.* OB, orodha ya waliokuwa zamu na nambari ya gari vitamtoa. Kwenye chaji shiti pia huandikwa afisa aliyekamata.

*Alama zimeshapona.* Bado mashahidi, jamaa walioleta chakula, kadi ya hospitali na rekodi ya hakimu. Mbavu zilizopasuka huonekana kwenye eksirei wiki kadhaa baadaye, nenda ukapigwe picha.

*Mke wangu amesamehe, tumerudiana.* Kwa makosa madogo ya kibinafsi hakimu anaweza kukubali mpatane, kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ila aamue mke mwenyewe bila shinikizo la wazee wala la familia. Hilo halifuti malalamiko ya askari, na halifuti shtaka la kumshambulia askari pia, hilo linaendelea na utalijibu.

*Nilishakubali shtaka siku ya kwanza nikiwa na maumivu.* Kama hujahukumiwa adhabu, wakili aombe leo ubadilishe jibu lako na aeleze hali uliyokuwa nayo. Ikiwa umeshahukumiwa una siku 14 za kukata rufaa, anza kuhesabu tangu siku ile ya hukumu.